KWA NINI KOMPYUTA YA 3.1 HUSEMA 1.6?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi na insha, nayo ni mambo mazuri, lakini safari hii mwalimu mlezi alitaka mmoja wetu aandike somo la sayansi, ili tuone kama Kiswahili chetu kinaweza kuubeba mzigo huo. Mimi nimechagua jambo lililotaka kuzua fitina hapa shuleni muhula uliopita, yaani mwendo wa prosesa, na jinsi mipango ya kuokoa umeme inavyoubadilisha mwendo huo hata mpimaji akadhani ametapeliwa.

Kwanza tukubaliane maneno. Prosesa ni kile kijipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote na kutoa amri. Wengi hukiita ubongo. Ubongo huu hufanya kazi kwa mapigo. Umewahi kuwaona wavuvi wakivuta juya ufuoni? Mmoja huimba na wengine huvuta kwa pamoja kila wimbo unapofika mahali pake. Wimbo ukienda mbio, wavu nao huja mbio. Ndani ya prosesa ni vivyo hivyo: kila pigo ni mvuto mmoja. Pigo moja kwa sekunde huitwa hezi 1. Mapigo milioni moja ni megahezi 1, na megahezi 1000 ni gigahezi 1. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77. Mwezi wa Machi 2000 kampuni za AMD na Intel zilifika gigahezi 1, tena katika wiki moja, kila mmoja akitaka kuonekana yeye ndiye kidume. Mashine tulizonunua sisi zina prosesa ya Intel ya mwaka 2011, aina ya Core i5-2400, na mwendo wake ulioandikwa na mtengenezaji ni gigahezi 3.1.

Hapo kwenye "ulioandikwa" ndipo maneno yalipoanzia.

Wazazi walichanga pesa, zikanunuliwa kompyuta 12 zilizotumika ng'ambo, mitumba kama tunavyosema. Nusu ya bei ililipwa na nusu ikabaki mpaka mashine zijaribiwe. Siku ya pili ndugu mmoja wa Kidato cha Nne akabonya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukifanya hivyo katika Windows hufunguka ukurasa unaoonyesha kazi zote ambazo kompyuta inafanya, na ndani yake mna sehemu ya prosesa. Akasoma: 1.6. Akajaribu ya pili: 1.6. Ya tatu: 1.6. "Jamani, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia!" Kufikia mapumziko ya saa nne shule nzima ilishajua ati tumepewa injini ya sisi 1600 kwa bei ya sisi 3100. Wengine wakataka halmashauri ya shule isilipe ile nusu iliyobaki. Jina la mwenye duka likawa ndilo wimbo, na mji wetu wa Malindi si mkubwa hivyo. Neno likitoka shuleni asubuhi, jioni liko sokoni.

Mzee mwenyewe akaja. Hakuja na hasira.

"Wanangu, mimi sikubadilisha kitu humo ndani. Mwendo wake umeandikwa na kiwanda."

"Sasa mzee, mbona yenyewe inasema vingine?" akaulizwa.

"Itieni kazi kwanza ndipo muitazame."

Ndilo jibu lote alilotoa. Alijua la kufanya lakini hakuwa na maneno ya kueleza sababu, na mtu akiwa ndiye muuzaji, jibu fupi kama hilo haliaminiwi. Mwalimu wetu wa kompyuta akatunyamazisha. "Makelele hayapimi kitu," akasema. Akachagua wanafunzi wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tupime mashine zote 12 na kuandika kila tunachokiona.

Kabla sijaeleza tulichokiona, hebu nikupeleke Mida kidogo. Ukishuka kule kwenye mikoko wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, utasimama katikati ya mkondo na maji yakufike kwenye kifundo cha mguu. Ukiandika daftarini "kina cha maji ni kifundo cha mguu", hujasema uongo. Lakini ukienda kuwaambia watu wa Watamu kwamba mashua haiwezi kupita pale, watakucheka, maana baada ya saa sita na kitu maji yatakuwa yamejaa na mashua zinapita. Mvuvi akikutajia kina hukutajia na saa. Mwendo wa prosesa nao uko hivyo hivyo. Hujaa na kupwa. Tofauti ni kwamba maji hufuata mwezi, lakini prosesa hufuata kazi, na inaweza kujaa na kupwa mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Tulianza hivi. Tukawasha mashine ya kwanza, tukaifungua ile sehemu ya prosesa, tukaiacha bila kugusa kipanya wala kicharazio. Mwanzoni namba ilirukaruka, ikaonyesha 2 na ushei, ikapanda 3, ikashuka. Hii ni kwa sababu kuufungua ule ukurasa wenyewe ni kazi. Ni kama kumgusa mtu aliyelala na kumwuliza, "Umelala?" Akikujibu, ameshaamka. Tukangoja. Baada ya kama dakika moja namba ilitua 1.6, na chini yake ukurasa ukisema prosesa inatumika asilimia 2 au 3 tu. Pembeni kuna namba nyingine ambayo wengi hawakuitazama: mwendo wa msingi, 3.10. Namba zote mbili ziko kwenye ukurasa mmoja, lakini mwenye hasira huiona moja tu.

Halafu tukaitia kazi. Tulichukua folda kubwa yenye video za siku ya michezo, tukaiamuru kompyuta iibane iwe furushi moja dogo. Kazi ya kubana ni hesabu tupu, na prosesa hii ina viini vinne, yaani bongo nne ndani ya nyumba moja, na vyote vinne vikaitwa. Matumizi yakapanda karibu na asilimia 100. Mwendo nao ukaruka papo hapo kutoka 1.6 ukawa unacheza kati ya 3.2 na 3.3. Naam, juu ya ile 3.1 iliyodaiwa! Kazi ilipokwisha namba ilirudi 1.6 kabla sijamaliza kuandika. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wakifikiria kompyuta, lakini siku ile nilimwona mwenzangu akiitikia kwa kichwa.

Sasa tuingie ndani kidogo tuone inafanyaje. Katika mashine hizi mna pigo la msingi la megahezi 100. Prosesa hulichukua pigo hilo na kulizidisha. Ikizidisha kwa 31 hupatikana megahezi 3100, ndiyo ile 3.1. Ikiwa haina kazi hupunguza kizidishi mpaka 16, nayo 16 mara 100 ni 1600. Kwa hiyo ile 1.6 si namba ya kubahatisha; ni sakafu iliyowekwa na mtengenezaji, prosesa aina hii haishuki chini yake. Na ile 3.2 au 3.3 je? Hiyo ni nyongeza inayoitwa Turbo Boost, ambayo Intel ilianza kuitia kwenye prosesa zake mwaka 2008. Prosesa ikiona haijapata moto sana wala haijazidisha umeme wake, hujiongezea mwendo. Hii yetu dari yake ni 3.4.

Lakini kwa nini ijisumbue kupanda na kushuka? Kwa sababu ya umeme na joto. Umeme ambao prosesa hula inapofanya kazi hufuata mapigo yake na volti inazopewa. Mapigo yakipungua nusu, umeme hupungua nusu. Volti ndizo zenye maajabu, maana huingia kwenye hesabu mara mbili, volti mara volti. Chukua mfano wa kweli. Mwezi wa Januari 2000 Intel ilitoa prosesa za Pentium III za kompyuta za mkononi zenye ufundi uitwao SpeedStep. Moja ilikwenda megahezi 650 kwa volti 1.6 ikiwa kwenye waya. Ukichomoa waya ikabaki na betri, ilishuka megahezi 500 kwa volti 1.35. Gawanya 500 kwa 650, unapata 0.77. Gawanya 1.35 kwa 1.6, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.71. Zidisha 0.77 kwa 0.71: ni kama 0.55. Yaani mwendo umepungua chini ya robo, lakini umeme umepungua karibu nusu.

Hapa pana mtego ambao nimeona hata watu wazima wakinasa. Kwenda polepole peke yake hakuokoi kitu katika kazi moja. Ukipunguza mwendo nusu bila kugusa volti, umeme wa kila sekunde hupungua nusu, lakini kazi nayo huchukua muda mara mbili. Nusu mara mbili ni kitu kile kile. Faida yote iko kwenye volti, na mwendo hupunguzwa kwa kuwa volti zikishuka prosesa haiwezi tena kukimbia bila kukosea. Mwalimu wetu wa fizikia alipoiona hesabu hii alisema ataitia kwenye mtihani. Msiseme sikuwaambia.

AMD nayo ilikuwa na ufundi wake. Mwaka 2003 ilitoa Athlon 64 yenye kupunguza mwendo hata kwenye kompyuta za mezani, ambazo hazina betri. Mtu wa nchi za baridi huenda akauliza kuna haja gani. Sisi wa pwani hatuulizi. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, ukiweka kompyuta 12 na wanafunzi 40 ndani ya chumba kimoja chenye paa la mabati, kila wati isiyozaliwa ni rehema. Tena kuna tokeni. Tuseme kila mashine ikipumzika vizuri inaokoa wati 10 tu. Mashine 12 ni wati 120. Kwa saa 6 kwa siku ni yuniti 0.72, na kwa siku 20 za shule ni yuniti 14.4. Si mali ya kujengea ghorofa, lakini nani alipe bure?

Jambo lililotuchanganya zaidi ni kwamba programu mbili zilikuwa zinatoa namba mbili tofauti kwa mashine ile ile, dakika ile ile. Ilibidi tutafute kila moja inapata wapi namba yake, na tukaona kuna namna kama tatu.

Namna ya kwanza si kipimo hata kidogo, ni jina. Mtengenezaji ameandika ndani ya prosesa maneno "Core i5-2400" na "3.10GHz", na ule ukurasa wa habari za kompyuta husoma maneno hayo ukayaonyesha. Haya hayabadiliki, prosesa ikimbie au isinzie. Mtu aitwaye Furaha huitwa Furaha hata siku ya msiba. Namna ya pili ni ile ya kutazama prosesa inakwendaje wakati huo, na hii ndiyo iliyotupa 1.6. Hata hiyo ni wastani wa kitambo kidogo, si pigo moja moja, kwa sababu prosesa ikikosa kazi kabisa huvisimamisha viini vyake vikalala bila pigo lolote, kisha ikaviamsha. Namna ya tatu ni ya programu zinazohesabu. Ndani ya prosesa mna kihesabio. Programu hukisoma, hungoja muda inaoujua, hukisoma tena, na kugawanya. Zamani kihesabio hicho kilipungua mwendo pamoja na prosesa. Katika prosesa za siku hizi kimefanywa kiende mwendo mmoja daima, ili programu zinazopima muda zisipotee. Kwa hiyo programu ya namna hiyo itakwambia 3.1 hata prosesa ikiwa inakoroma!

Wakati wa Windows XP mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi, maana jina na kipimo viliwekwa bega kwa bega. Mwenye Core 2 Duo E6300 ya mwaka 2006 aliweza kusoma 1.86 na mbele yake 1.60, kama vile kompyuta yenyewe inajishtaki. Kwenye Linux hadi leo ni hivyo: fungua faili la /proc/cpuinfo utaona jina kwenye mstari mmoja na megahezi za sasa kwenye mstari mwingine.

Na walimu wetu waliotumia kompyuta za miaka ya 1990 watakumbuka vile visanduku vyenye kitufe cha Turbo na namba za taa nyekundu au kijani mbele, 33 au 66. Watu walijivunia sana zile namba. Kumbe hazikuwa zikipima chochote! Fundi alizipanga kwa vijipini nyuma ya kile kioo, na angetaka angeweza kuandika 99. Kwa hiyo ugonjwa wa kuamini namba kwa kuwa inang'aa haukuanza na sisi.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza swali zuri: prosesa ikipunguza mwendo, saa iliyo kwenye kona ya skrini haitachelewa? Haitachelewa. Saa ya kalenda ina kijiwe chake cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na betri yake ndogo ya duara, ndiyo maana huendelea hata kompyuta ikizimwa. Ukiigawanya 32,768 kwa mbili mara 15 mfululizo unapata 1, yaani sekunde moja kamili. Jaribu na kalamu.

Turudi kwenye mashine zetu. Kumi na moja zilifanya kama ile ya kwanza: 1.6 zikipumzika, zaidi ya 3.1 zikifanya kazi, na folda ya michezo ilibanwa kwa dakika 4 na sekunde chache. Ya 12 ilikataa. Matumizi asilimia 100, mwendo 1.6. Tukaiacha, tukadhani itaamka. Ikamaliza kazi kwa zaidi ya dakika 8. Hapo wenye fitina wakapata nguvu tena: "Si mnaona?"

Lakini Windows ina mipango yake ya umeme, na ndani ya mpango kuna mahali pa kuweka sakafu na dari ya prosesa kwa asilimia. Mashine zile 11 dari ilikuwa 100. Hii moja dari ilikuwa 50. Mipango ya mwenyewe wa zamani ilikuwa bado imo. Tukaiandika 100, tukaibana tena ile folda. Ikapanda, ikamaliza sawa na wenzake. Kwa udadisi tukajaribu pia kuandika 99. Ikafanya kazi, lakini haikuvuka 3.1 hata mara moja. Ile asilimia moja tu iliyokosekana hufunga mlango wa Turbo Boost.

Tazama jambo hili kwa makini. Siku ile ya makelele mashine zote 12 zilisema 1.6. Kipimo kile cha mapumziko kiliwatia hatiani wazima 11, na papo hapo kikamficha mgonjwa mmoja, kwa kuwa wote wamelala ni sawa. Kama halmashauri ingekubali mashine kwa kutazama jina tu, 3.10, huyo mgonjwa angepita vile vile.

Tuliandika ukurasa mmoja wenye safu nne: namba ya mashine, mwendo ikipumzika, mwendo ikiwa kazini, na dakika za kubana. Mwalimu akaupeleka kwa halmashauri, nusu iliyobaki ikalipwa. Wako wenzetu waliokwenda dukani wakamwambia mzee, "Shikamoo, tuwie radhi." Wako pia waliosema walikuwa wakitania tu, na hao nimewaachia wenyewe.

Mpango wa umeme si sababu ya pekee. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza mwendo ili isiungue, na huku kwetu vumbi, mchanga na hewa ya chumvi huziba feni upesi. Dalili yake ni kwamba mwendo huanza juu, kisha hushuka kadiri kazi inavyoendelea. Na baadhi ya kompyuta za mkononi zikichomekewa chaja zisiyoitambua hukaa kwenye sakafu yake hata ukiipa kazi gani, kwa hiyo kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, jaribu chaja yake halisi.

Chemsha bongo kwa wasomaji: Kompyuta ya mkononi imeandikwa 2.40GHz, na pigo lake la msingi ni megahezi 100. Ikipumzika husoma megahezi 800. Ikifanya kazi kwa waya husoma 2.9. Ikifanya kazi kwa betri husoma 800 tu. Taja vizidishi vyote vitatu, eleza kwa nini 2.9 imezidi jina, kisha useme ni mpango gani ungeufungua kwanza na ungeangalia nini. Majibu yatiwe kwenye sanduku la Chama cha Kiswahili, mlangoni pa maktaba.